Eda Iliyomfuata Bi Maisara Mlimani

Mimi ndiye niliyempeleka Bi Maisara mlimani, na tangu siku hiyo wako watu wa Kibokoni, mtaani kwetu, wanaonijibu salamu kwa nusu mdomo. Wana haki yao. Ila wao hawakuwepo na mimi nilikuwepo, kwa hiyo acheni niseme.

Jina langu Nanjala. Kwetu ni Kimilili, nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kwa miaka tisa nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya marehemu Mzee Ishaq, aliyekuwa fundi wa injini za boti kule Liwatoni. Juu yangu anakaa dada yake mkubwa, Bi Mwanakuu, mwanamke mrefu ambaye hata akiomba chumvi husikika kama anaamrisha. Ghorofa ya juu kabisa alikaa Mzee Ishaq na mkewe, Bi Maisara. Hawakujaliwa watoto. Walikaa wawili humo miaka thelathini na mmoja.

Bi Maisara ana miaka hamsini na saba, mfupi, mnene kiasi, na kazi yake ni kushona kofia kwa mkono, zile za matundu madogo madogo ambazo moja huchukua miezi miwili au mitatu. Mtu wa kazi hiyo huhesabu, na yeye huhesabu kila kitu. Siku niliyohamia, kabla hajaniuliza natoka wapi, aliniambia ngazi za nyumba ni ishirini na sita na ya kumi na tisa imelegea. Ukimwambia mvua imenyesha wiki nzima, atakwambia ni siku tano. Ukibishana naye juu ya hesabu, utajuta.

Mzee Ishaq aliugua ini kwa miezi mingi, akafariki mwezi wa Rajabu. Siku hiyo, baada ya adhuhuri, Bi Mwanakuu alimtuma wifi yake Biashara Street akanunue leso za harusi ya mpwa wao. Bi Maisara akaenda. Na kwa kuwa ni Bi Maisara, hakuchukua doti ya kwanza aliyoonyeshwa. Alifunua, akatazama pindo, akasoma jina lililoandikwa, akakunja, akaulizia rangi nyingine, akahamia duka la pili na la tatu. Aliporudi na leso zake kwapani, mumewe alikuwa amekata roho robo saa kabla.

Robo saa hiyo ilimla. Nilikuwa nikipanda kumtazama jioni baada ya kazi, na kila mazungumzo yetu, hata yakianzia bei ya nazi, yalifika hapo. "Mume wangu yuwakata roho," alikuwa akiniambia, "na mimi niko dukani nasema pindo hili halikunyooka." Nilikuwa nikimimina chai.

Kwa hiyo alipoingia eda aliishika kwa mikono miwili. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, miezi ya mwandamo si ya ofisini kwangu, asijipambe, asitie manukato, asitoke ila kwa dharura. Nimewaona waliochoka nayo mwezi wa pili. Bi Maisara hakutaka hata kusimama dirishani muda mrefu. "Siku aliyokufa sikuwepo," aliniambia. "Hizi nitakuwepo zote. Sitampunja hata moja."

Lakini mwili una mambo yake. Ana sukari, na daktari alikuwa amemwambia atembee. Akawa anatembea humo humo ndani, kutoka dirishani hadi jikoni, hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, mara mia mbili kwa siku. Nilimsikia nikiwa chini. Jioni moja, kumchangamsha tu, nikamwonyesha picha kwenye simu yangu. Sisi wafanyakazi wa bandarini na wa reli tuna kikundi cha kutembea. Kuna njia ya miguu inayofuata mgongo wa vilima nyuma ya Kwale, kilima hadi kilima, siku sita ukiikamata yote. Sisi hatuna siku sita za kupoteza, kwa hiyo tunaila vipande vipande, kipande kimoja kila mwezi, tunaondoka Jumamosi alfajiri na kurudi jioni.

Akaitazama ile picha muda mrefu. Akaikuza kwa vidole.

"Hapa juu pana ukuta?" akauliza.

"Ukuta? Hapana, Bi Maisara. Hata mti ni kwa bahati."

"Basi nikitoka eda, nipeleke."

Nilicheka. Mtu ambaye maisha yake yote mahali pa juu kabisa aliposimama ni paa la nyumba yake mwenyewe! Hakucheka. Kesho yake akaniuliza kipande kinachofuata kina kilomita ngapi, na keshokutwa akaniuliza viatu. Nikamnunulia raba za mtumba, akawa anazivaa ndani ili zimzoee, anatembea na zile hatua zake kumi na moja. Kwenye kalenda ya ukutani jikoni, yenye tarehe za Kiislamu, waliyopewa dukani mwanzo wa mwaka, alikuwa akikata kila siku kwa kalamu nyekundu. Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa, katikati ya mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Kesho yake, Jumamosi, sisi tulikuwa na kipande cha pili cha njia. Akaona ni Mungu aliyepanga, nami nikaona vivyo hivyo.

Bi Mwanakuu alikuwa amemwambia, "Jumapili asubuhi tutakuogesha, wanawake watakuja, tutasoma dua." Bi Maisara akadhani Jumapili imechaguliwa kwa sababu ndiyo siku ambayo watu hawana kazi. Mimi pia nilidhani hivyo. Hatukumuuliza Bi Mwanakuu, kwa sababu kumuuliza kungelazimu kumwambia safari ya Jumamosi, na wala hakuna kati yetu aliyekuwa na kifua hicho. Ijumaa baada ya magharibi Bi Maisara akakoga peke yake, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyemaliza shule, "Nimemaliza, Nanjala. Sikumpunja."

Jumamosi tukatoka mara tu baada ya sala ya alfajiri. Bi Mwanakuu huwa analala tena akishasali, hadi saa mbili. Bi Maisara alimwachia karatasi chini ya mlango kwamba ametoka nami na atarudi jioni. Alivaa buibui juu ya suruali ya marehemu mumewe, na zile raba. Sijawahi kuona mtu amevaa hivyo, na sijawahi kuona mtu amependeza hivyo.

Wenzetu walikuwa kumi na wawili. Kiongozi wetu, Mumo, fundi wa reli, alipomwona alinivuta kando akaniuliza kama ninajua ninachokifanya. Nikamwambia ajishughulishe na magoti yake mwenyewe. Gari lilitushusha mwanzo wa njia na likaenda kutungoja upande wa pili, kilomita kumi na nne mbele. Hapo tukapokewa na Kanze, mwanamke wa kijiji cha chini ya kilima, ambaye hutuongoza kwa sababu njia nyingine huzijui mpaka uwe umechunga mbuzi huko.

Kupanda kulikuwa kubaya. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu ukashika viatu, na kila dakika kumi Bi Maisara alisimama, mikono kiunoni, akihema. Mumo akasema tumrudishe. Bi Maisara akamwambia, "Baba, mimi nimetembea kilomita mia tatu na kitu jikoni kwangu. Endelea mbele usinizibie hewa." Watu wakacheka, na baada ya hapo hakuna aliyesema arudishwe.

Saa nne tukatokea juu, na hapo nikapata mshtuko wa kwanza wa siku hiyo, mshtuko mzuri. Mgongo ule ni mwembamba, nyasi tupu. Upande wa mashariki unaona bahari yote, na ukikaza macho, doa jeupe ambalo ni mji wetu. Upande wa magharibi nchi inakwenda tu, haikomi. Bi Maisara alisimama katikati akageuka polepole, mara moja, mara ya pili. Mdomo wazi. Kisha akakaa chini ghafla kwenye nyasi.

Nilidhani ni sukari. Nikamkimbilia na tende.

"Si sukari," akasema. "Kumbe yote haya yalikuwepo. Miaka yote hii yalikuwepo, na hakuna aliyenambia!"

Alikuwa na hasira kabisa. Alikula zile tende hata hivyo, akainuka, na kuanzia hapo alitembea mbele yangu. Alihesabu vilele. Aliniuliza majina ya maua nisiyoyajua, akamuuliza Kanze, akayarudia. Tulipofika kilele cha nne alikuwa anaimba. Nasema ukweli, sikuwa nimewahi kumsikia akiimba.

Ilikuwa yapata saa saba na nusu. Huko juu simu hazishiki, isipokuwa mahali pamoja ambapo Kanze anapajua, jiwe moja kubwa linalotazama Kwale. Tulipofika pale simu zote zikaanza kulia. Ya Bi Maisara ililia mara tisa mfululizo. Akaitazama, akaniambia, "Ni Mwanakuu. Hebu fungua, sina miwani."

Zilikuwa sauti alizorekodi na kutuma. Nikaifungua ya kwanza, nayo ikatoka kwa nguvu mbele ya watu wote.

"Maisara! U wapi wewe? N'mepanda juu, n'mekuta kitanda kitupu! N'meona karatasi yako. Umetoka wenda wapi? Leo ndiyo siku ya mwisho! Eda yaisha leo magharibi, haikwisha jana! Kwani hukumbuki Idi tuliisali lini? Rudi nyumbani, Maisara. Ndoo sasa hivi!"

Nilizima.

Bi Maisara alikuwa amekwisha kuelewa. Nilimwona akihesabu, midomo inacheza. "Idi," akasema. "Mwezi haukuonekana. Idi ilichelewa siku moja. N'liila biriani yake, Nanjala, n'lipika mwenyewe, lakini ile kalenda sikuitengeneza. N'liendelea kukata tu." Kisha akapiga paji la uso wake kwa kiganja, kofi la kweli. "Mimi! Mimi ninayehesabu matundu ya kofia!"

Nikaanza kusema yale ambayo mtu husema. Kwamba amekosea tu, hakukusudia. Kwamba Mungu anajua alidhani amemaliza.

"Mungu najua yuwajua," akasema. "Ishaq je?"

Nikamrudishia simu yake.

"Eda yake haiwezi kunimalizikia njiani," akaendelea. "Alikufa mimi niko nje. Nayo ije iishe mimi niko nje, juu ya kilima, naimba? Sikubali. Lazima inikute ndani. Hata kama ni dakika moja, inikute ndani." Akamgeukia Kanze. "Ni ipi ndia ya karibu?"

Kurudi tulikotoka ilikuwa kilomita nane. Kwenda mbele kwenye gari ilikuwa sita, zote za kupanda na kushuka, na kwa mwendo wake tungefika saa kumi na moja. Kanze akafikiri, akaonyesha kwa kidevu upande wa mashariki, mahali ambapo mimi nilidhani kilima kimekatika. Akasema watu wa kwao hushukia hapo wakiwa na haraka, saa moja na nusu, unatokea barabarani kwenye pikipiki. "Lakini mama huyu," akasema, kisha hakumaliza.

Mumo akasema haiwezekani. Nikamwambia aendelee na wengine, mimi na Kanze tutashuka naye. Sikuwa shujaa. Ila mimi ndiye niliyemwonyesha ile picha, na ningemwacha ashuke na nani?

Siwezi kuieleza vizuri saa ile na nusu, ambayo iligeuka saa mbili. Kanze alitangulia, Bi Maisara katikati, mimi nyuma nikimshika buibui kwa ngumi. Alianguka mara ya kwanza, nikapiga kelele mimi. Alianguka mara ya pili. Mara ya tatu akaona bora asisimame tena, akakaa kitako na kujisukuma hivyo, matope hadi kiunoni, akishika mizizi.

"Ukivunjika mguu," nikamwambia, "eda itakumalizikia hospitali."

"Basi nishike vizuri, usiniletee maneno."

Mahali pamoja palikuwa na mwamba wa urefu wa mtu, unateleza maji. Kanze alishuka akatega mabega yake chini. Mama wa miaka hamsini na saba, ambaye hajawahi kuguswa na mtu asiyemjua, akakanyaga bega la Kanze kwa raba ya matope, akasema "Nisamehe mwanangu," akashuka. Mikono yake ilikuwa inavuja damu. Nilimpa maji, akasukutua tu na kutema. Nikamwuliza mbona hanywi, akasema akinywa atataka kukaa.

Tulifika barabarani saa kumi kasoro robo. Kanze akatutafutia pikipiki mbili, akamkumbatia Bi Maisara. Kwale tukapata gari la Likoni. Bi Maisara alikaa amenyooka, macho kwenye jua. Kila jua lilipojificha nyuma ya minazi alinishika mkono, likitokea anauachia. Nilimwambia magharibi ni saa kumi na mbili na robo, tuna muda. Akasema siku ile Biashara Street pia alikuwa na muda.

Feri palikuwa pamejaa, Jumamosi jioni, watu wanarudi kisiwani kwa maelfu. Kivuko kimoja kilikuwa kimeondoka tulipoingia. Tulisimama kwenye lile banda tukisubiri kinachofuata, nusu saa nzima, wachuuzi wa njugu wanatupita. Na hapo, katika watu wote wale, akatutokea mwanamke wa mtaa wetu anayeuza mahamri. Akamtazama Bi Maisara kuanzia raba hadi ushungi. Matope, damu, suruali ya kiume inayochungulia chini ya buibui.

"Maisara?" akasema. "Si wewe uko eda?"

Ningeweza kumpiga. Bi Maisara alimjibu kwa adabu kamili, "Niko eda, dada. Nisaidie nitangulie." Na yule mwanamke, nampa sifa yake, alishtuka kwanza, kisha akaanza kusukuma watu mbele yetu akipiga kelele, "Mpisheni mjane! Mpisheni!" Habari ilikuwa imefika Kibokoni kabla yetu, lakini tulipanda kivuko cha kwanza kilichokuja.

Tuktuk ilitufikisha karibu na Makadara ikakwama katika magari. Saa kumi na mbili na dakika tatu. Tukashuka, tukakimbia. Nasema tukakimbia, mimi na yeye, katika vichochoro ambavyo hata mtu akitembea haraka watu hugeuka. Wanaume waliokuwa wakielekea msikitini walibana ukutani kutupisha. Mmoja akasema "Subhanallah!" Bi Maisara hakumtazama. Ngazi ishirini na sita alizipanda kwa mikono na miguu.

Bi Mwanakuu alikuwa chumbani mwao, kwenye kile kiti ambacho Bi Maisara alikikalia miezi yote minne. Alikuwa amejifunika shuka nyeupe. Baadaye nilijua kwamba kulikuja wageni watatu siku hiyo kumjulia mjane hali, na kila mmoja aliyechungulia kutoka mlangoni alimwona yeye chini ya shuka, akadhani ni mjane amelala, akaondoka. Bi Mwanakuu, mwanamke asiyesema uongo hata wa kumfurahisha mtoto. Alipotuona akainuka, akatazama yale matope, na mimi nikajiandaa kutukanwa.

Bi Maisara hakumpa nafasi. Aliingia hadi katikati ya chumba, akaanguka magotini. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Bado hawajaadhini?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Dakika tano."

"N'mewahi. Da Mwanakuu, safari hii n'mewahi. Safari hii sikumwacha peke yake."

Nilitegemea Bi Mwanakuu aseme kitu cha ukali, kisha labda amkumbatie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Uso wake ulibadilika rangi. Akaketi tena, kwa uzito, na yule mwanamke mrefu akawa mdogo mbele ya macho yangu.

"Usiseme hivyo," akasema. "Maisara, usiseme hivyo tena. Siwezi kulisikia neno hilo."

"Neno gani?"

"Siku ile hukuchelewa. N'likutoa." Akavuta pumzi. "Asubuhi ile Ishaq alinishika mkono. Akanambia, Mwanakuu, ni leo. Mtoe Maisara. Mtume mbali, asinione nikifa. N'kamwambia huyu ni mkeo. Akasema anikumbuke na uso wangu, si na huu. Ndipo n'kakutuma leso. Harusi yenyewe ilikuwa bado miezi mitatu, Maisara. Hukujiuliza? Na ungalirudi mapema, n'ngalikutuma tena."

Nilitaka kuondoka, nikabaki mlangoni. Miezi minne nilikuwa nimemsikiliza mwanamke huyu akijichinja kwa robo saa, na chini ya sakafu yake, juu ya dari yangu, kulikuwa na mtu anayejua.

"Miezi minne," Bi Maisara akasema. Sauti haikuwa yake. "Miezi minne waniona."

"Alinilisha yamini. Alisema nisikwambie mpaka eda iishe. Alisema ukijua kabla, utaivunja kwa hasira na kutoka."

"Na hukungoja iishe."

"Zimebaki dakika mbili, wifi. Sikuweza."

Bi Maisara alikuwa bado magotini, mikono yenye damu juu ya mapaja. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani labda atashukuru, maana mimi ningekuwa yeye ningeshukuru, mzigo wote ule umeondolewa kwa maneno mawili. Akainua uso, na hakukuwa na shukrani humo.

"Siku ile ilikuwa yangu," akasema. "Miaka thelathini na mmoja n'limuosha, n'limlisha, n'limjua mpaka kucha zake. Siku ile ilikuwa yangu, nanyi mkakaa mkaigawa."

Hapo ndipo adhana ikaanza, kwanza msikiti wa karibu, kisha mingine ikaitikia. Ilipokwisha, Bi Mwanakuu akajifuta uso kwa ncha ya leso yake, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi bila kujua namna ya kuomba, "Imekwisha, Maisara. Mungu akupokelee. Uko huru. Ukitaka kutoka, toka."

Bi Maisara akasimama kwa kushika kitanda. Akatuonyesha mlango, sisi wote wawili, kwa mkono mmoja.

"Eda imekwisha," akasema. "Mimi na Ishaq bado."

Tukatoka. Akafunga mlango kwa komeo. Tulishuka ngazi mbili tatu, kisha Bi Mwanakuu akakaa, nami nikakaa kando yake, raba zangu zikimchafulia buibui, na hakuninyanyua. Juu yetu Bi Maisara alikuwa ameanza kusema. Alikuwa akimwuliza mumewe maswali, moja baada ya jingine, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo kumpa nafasi ya kujibu.